Grupu la Marafiki wa Mwalimu Njoka

Mwalimu Njoka alipostaafu alibaki na vitu vitatu: pensheni inayokuja ikijisikia, mizinga arobaini na miwili ya nyuki, na kalamu. Kalamu hiyo Siakago nzima inaijua. Mtu akifa hapa kwetu, kabla hata jeneza halijachaguliwa, mtu ameshatumwa kwa Mwalimu aandike historia ya marehemu itakayosomwa siku ya mazishi. Ana mpangilio wake na haubadiliki: alikozaliwa, alikosoma, alivyofunga ndoa, alivyofanya kazi, alivyopendwa. Walevi wetu wote wamezikwa wakiwa watu wacheshi waliopenda marafiki, na wachoyo wamezikwa wakiwa waangalifu. Mimi naitwa Wawira, nina duka la mbegu na dawa za mifugo karibu na stendi, na nilishamwomba aniandikie yangu mapema kwa sababu watoto wangu hawajui kudanganya vizuri.

Asali yake ilikuwa na shida moja, haikuwa na jina. Kila msimu broka alikuja na pikapu, akaibeba kwa mitungi, ikaenda kuchanganywa na asali za watu wengine. Baadaye Mwalimu aliikuta dukani Embu mjini kwenye chupa yenye picha ya ua ambalo halimei popote Mbeere. Alikuwa akisimama mbele ya ile chupa akiitazama kama mzazi anayemwona mtoto wake akimwita mtu mwingine baba. Bei haikumuuma sana. Lile ua lilimuuma.

Mwaka huu akasema basi. Alichuja asali yake mwenyewe, akajaza chupa mia moja na themanini, akabandika kila moja karatasi yenye sura yake na maneno "Asali ya Mwalimu Njoka", akapeleka moja kwa Carol. Carol ana duka la vyakula vya asili Embu mjini, pale ambapo mihogo tunayokula sisi kwa kukosa mkate huuzwa ikiwa imefungwa kwa karatasi nzuri ya kahawia.

Carol alionja, akafumba macho, akafumbua.

"Mwalimu, asali iko sawa kabisa. Lakini brand yako iko wapi?"

"Si ndiyo hiyo umekula?"

"Hapana, nauliza online. Siwezi kupea kitu shelf na hakijulikani. Niletee watu mia tatu kwa simu, ifikapo Ijumaa ya wiki ijayo. Ukiwa nao, tunafanya launch hapa hapa."

"Kizuri chajiuza," Mwalimu akamwambia. Alikuwa amewafundisha watoto methali hiyo miaka thelathini na mitatu.

"Hiyo ilikuwa zamani," Carol akasema, akaendelea kupanga mihogo.

Broka naye alikuwa amepiga simu: atapita Jumamosi yake. Kwa hiyo hesabu ilikuwa rahisi. Watu mia tatu kufikia Ijumaa, ama Jumamosi asali inarudi kwenye lile ua.

Mwalimu akaenda warsha ya wafanyabiashara wadogo katika ukumbi wa kanisa. Aliyefundisha alikuwa kijana kutoka Meru anayeitwa Mutugi, suruali yake imeishia juu ya kifundo cha mguu, na lazima niseme hakufundisha uongo. "Watu hawanunui asali," alisema, "wananunua story. Uso wako ndio brand yako. Fungua grupu, weka picha clean, wape safari ya maisha yako, halafu uwaalike kwa launch, siku ya uzinduzi." Mwalimu aliandika yote daftarini, vichwa vya habari akavipigia mstari kwa rula.

Jumatano ya wiki yenyewe, asubuhi, alifungua grupu la WhatsApp, akaliita Marafiki wa Mwalimu Njoka. Akaingiza kila namba aliyokuwa nayo: wanafunzi wa zamani, walimu wenzake, kwaya, kamati zote za mazishi alizowahi kuandikia. Kwa picha akaweka ile ya siku ya kustaafu, amevaa suti nyeusi, maua nyuma yake. Kisha akakaa kuandika safari ya maisha yake. Sasa mtu ambaye ameandika maisha ya watu kwa namna moja tu tangu ujana wake, akiambiwa aandike yake, ataandikaje?

"Mwalimu Njoka alizaliwa akiwa mtoto wa nne katika familia ya watoto tisa," aliandika. "Alifunga ndoa na Bi. Ruguru kanisani. Alifundisha kwa bidii na kupendwa na wote. Alipenda nyuki kama alivyopenda wanafunzi wake, na asali yake haikuwahi kuchanganywa na kitu. Tukutane sote Ijumaa saa nne Embu mjini, tumsindikize katika hatua hii mpya ya safari yake."

Akaisoma mara mbili, akaipenda. Akatuma, akaiacha simu ikichajiwa mezani, akaenda bondeni kukagua mizinga.

Kwetu, grupu lenye jina "Marafiki wa Fulani" halihitaji maelezo. Unaingizwa bila kuulizwa, unakuta mtu amevaa suti, na unajua ni bili ya hospitali ama ni kaburi. Hakuna mtu mzima wa afya aliyewahi kufunguliwa grupu la marafiki. Na hili lilikuwa na suti, maua, historia na siku.

Kufikia saa tatu watu walikuwa wakiingizana wenyewe. Kufikia saa sita walikuwa mia nne na kumi na sita. Lala salama, Mwalimu. Nguzo imeanguka. Mwingine aliuliza pesa zitumwe kwa nani, na hapo grupu likanyamaza kidogo kabla ya kuendelea kulia. Wengi waliisifu asali. Muchangi, ambaye shamba lake linapakana na la Mwalimu, aliandika kwamba asali ile ilikuwa ikitiwa sukari kidogo, lakini aliyekufa hasemwi vibaya. Carol naye, aliyeingizwa pamoja na wengine, aliandika kwamba wateja wake wameguswa sana na apelekewe asali yote iliyobaki, ataitengea shelf nzima. Mimi pia niliandika. Naishi mita mia mbili kutoka kwa Mwalimu na ningeweza kwenda kuuliza, lakini niliandika kwanza.

Halafu nikafunga duka, nikanunua kilo mbili za sukari na majani chai, nikaenda kufariji familia. Nilikuta boma limejaa. Ruguru, mke wake, alikuwa ameketi chini akilia. Nilimuuliza mwili umeonekana wapi.

"Sijui," akasema. "Asubuhi nilimpa uji. Lakini watu mia nne wanasema."

Ni mwanamke mwenye akili timamu, Ruguru. Lakini yeye alikuwa mmoja.

Mwalimu alitokea saa kumi, amebeba kofia yake ya wavu mkononi. Alikuta wanawake wakimenya viazi na wanaume wakibishana kuhusu hema. Akavua viatu vya mpira, akauliza kwa adabu zote, "Ni nani ametuacha?" Mwanamke mmoja alizimia. Mimi nilisimama na sukari yangu, sijui niiache ama nirudi nayo. Nilirudi nayo.

Ruguru alimkumbatia, kisha akamtukana kwa Kimbeere kwa muda mrefu, na hatukumlaumu.

Kitu cha kwanza Mwalimu alichofanya alipopata simu yake ni kusoma ule ujumbe wa Carol. Shelf nzima. Nilimwona akiusoma tena na tena. Mtu mwingine angejificha siku mbili, afikishe asali Embu, afufuke Jumamosi akiwa na risiti. Sitadanganya, mimi ndiye niliyemnong'oneza hivyo. Aliniangalia kama nimenakili mtihani.

"Mama, nimeandika haijachanganywa na kitu," akaniambia. "Sasa niichanganye na kifo?"

Akarekodi sauti, akaituma kwa grupu: "Hamjambo. Mimi ni Njoka, niko mzima. Nilikuwa natangaza asali."

Walianza kutoka. Mmoja baada ya mwingine, majina yanashuka kwenye kioo: ametoka, ametoka, ametoka. Mtu mmoja aliandika kwamba huu ni utapeli wa hisia, akatoka. Mchungaji aliandika Haleluya, akatoka. Hata mimi nilitoka, kwa aibu. Ijumaa asubuhi Carol alimpigia simu.

"Mwalimu, tulisema mia tatu. Ukiwa umekufa ulikuwa na mia nne na kumi na sita. Ukiwa hai uko na thelathini na tisa."

"Asali ni ile ile, Carol."

"Najua. Lakini wateja waliguswa. Sasa nitawaambia nini?"

Nilidhani hiyo itammaliza kweli. Badala yake alitoa daftari, akanakili kutoka kwenye simu jina la kila mtu aliyekuwa ameitaja asali yake, na maneno aliyoandika. Walikuwa tisini na wanane. Akakodi bodaboda, akafunga kreti za chupa nyuma, akaanza kwa Muchangi. Mbele ya mke na wakwe zake alidondosha asali kwenye glasi ya maji, ikazama mpaka chini bila kuyeyuka, kisha akamuuliza sukari aliiona wapi. Muchangi alinunua chupa nne ili aondokewe. Kwa wengine Mwalimu hakubishana. Alisimama mlangoni, akafungua daftari na kusoma, kwa sauti ile ya darasani, walivyoandika juu ya asali yake. Utamfukuzaje mtu uliyemlilia juzi?

Jumamosi broka alikuta kreti tupu, akaondoka akigonga mlango wa pikapu. Carol alipiga tena jioni, akasema amefikiria, anaweza kuchukua chupa thelathini za kujaribu. Mwalimu akamjibu kwamba zimebaki tatu, na zina wenyewe.

Hizo tatu alikuja nazo dukani kwangu. Nilikuwa napima mbegu za pojo, nikajifanya sijamwona. Akafungua daftari.

"Wawira. Umeandika: Tangu nihamie hapa sijawahi kuonja asali kama yako, na sitaonja tena."

"Niliandika kwa uchungu, Mwalimu."

"Sijakataa. Nauliza tu, uliionja lini?"

Nimekaa jirani yake miaka kumi na sita. Nimenunua asali ya lile ua kila mwezi, nikipita mizinga yake nikienda stendi kupanda gari la Embu. Nilitafuta siku moja ya kumtajia, hata ya kubahatisha, nikakosa. Alingoja, kalamu mkononi, bila hasira, na kule kukosa hasira ndiko kulikonichoma.

Nilichukua chupa zote tatu. Alipoondoka niliingia nyuma ya duka, nikafungua moja, nikatia kidole. Ilikuwa tamu kuliko nilivyoandika, na mimi nilikuwa nimeandika uongo.