Treni ya Makopo

Shemeki wangu, mume wa dada yangu, alikuwa mutia kuni kwenye treni, enzi ilipokuwa ikipita bonde la Ruzizi na kushuka mpaka Uvira. Hilo hakuna aliyelibisha. Kilichobishwa ni siku moja tu: siku ambayo, kwa maneno yake, mashinisti muzungu, yule dereva wa treni, alishikwa na homa njiani, naye akaendesha peke yake mpaka mwisho wa reli. Mutaa wetu muzima wa Kilibula ulimwita Mashinisti wa Mudomo. Njia ya mwongo fupi, walimwambia, na yako haina hata reli. Maana reli zilikuwa zimeshang'olewa.

Nami nilicheka nao. Shemeki ni wa kutaniwa, na minye, ndugu ya muke wake, nilikuwa na haki kuliko wote. Lakini yeye alikuwa anaumia kweli. Tangu uhuru kila muntu alikuwa na hadithi ya ukubwa wake, na yeye alikuwa na hiyo moja. Dada yangu aliniambia hata chakula hamalizi.

Basi akaitengeneza upya ile treni, kwa makopo ya maziwa. Magurudumu vifuniko, reli spoku za baiskeli. Tumboni akaweka makaa na maji, ikichemka inatoa mvuke wa kweli. Dirishani, kamutu ka bati kalichomoza nusu mwili, kofia mkononi.

"Weye uko mupiga foto," akaniambia. "Piga ionekane kubwa. Wataona."

Nikamwambia foto ya kopo si ushahidi. Akanisukumia kamera mikononi, nikaona haya.

Shida ilikuwa filimu. Waasi walikuwa wameshika mji, njia ya Usumbura, ambako filimu zilitoka, imefungwa, na kwenye kamera yangu ilibaki nafasi ya foto moja. Nilikuwa nimeiwekea arusi ya watu fulani, Mungu anisamehe.

Kwa kazi ile jua kali halifai. Juani kopo ni kopo. Nilitaka asubuhi ya mvua, mawingu yamelala juu ya ziwa na mwanga kidogo unachungulia chini yake kutoka ng'ambo. Tuliamka asubuhi nne bure. Ya tano ikaja. Nililala kifudifudi kwenye muchanga wenye maji, kamera juu ya tofali, nikachungulia, na kicheko kikanikauka: ilikuwa treni. Kubwa, nyeusi, inapumua ndani ya ukungu. Furaha ilinipanda. Nikabonyeza.

Papo hapo mbele ya kamera ukaingia mguu. Wa muasi, majani kichwani, bunduki begani, amekuja kuuliza moshi huu tunampigia nani ishara. Shemeki alimweleza, akimwonyesha kopo moja moja. Yule akachuchumaa, akaikagua treni upande huu na upande ule.

"Inafika Bukavu?" akauliza.

Alipotuacha tulicheka mpaka tukashindwa kusimama.

Foto ilitoka nzuri ajabu, ila mbele ya treni kulikuwa na dole gumba la mguu wa yule muasi, kubwa kama nyumba. Shemeki aliitundika hivyo hivyo mulangoni pa studio yangu. Watu walikuja kucheka kwa zamu. Mashinisti, ni hilo dole lilisimamisha treni? Akawa anapita njia ya nyuma. Nilijuta kupiga ile foto.

Kisha wakaja watu wa Sange, kule bondeni, wanakimbia vita, mikeka kichwani. Mama mumoja akasimama mbele ya foto. Dole hakulijali. Alikuwa anaangalia kale kamutu ka kofia.

"Huyu iko wapi?"

Nikamwita shemeki.

"Ni weye," mama akasema. "Siku ile Sange tumesimama na mizigo ya mupunga, treni inakuja, tunajitwika, na weye unapita mbio, unatupungia kofia. Mbwa weye. Tulitembea kwa miguu mpaka Uvira."

Majirani wote wakamgeukia.

"Sikujua breki iko wapi," shemeki akasema polepole. "Ilisimama yenyewe mwisho wa reli, moto ulipokwisha. Na sikuwapungia. Nilikuwa naomba musaada."

Mama hakutaka kusikia. Alimutukana yeye, akatukana kofia, akatukana na ukoo wake. Dada yangu akamletea kiti na maji. Shemeki alisimama mbele ya Kilibula nzima, machozi yanamutoka, anaitikia kila tusi kwa kichwa, na mama aliponyamaza ili anywe, akamwinamia.

"Endelea, mama," akamwambia. "Waambie tena."