Mshona Majani wa Kampuni

Asubuhi hiyo ya Ijumaa, mwezi wa mfungo, Hemedi alipofika kwenye grini ya sita alimkuta Pierre amechuchumaa katikati ya majani, anatafuna karanga za kukaanga na kutema maganda papo hapo.

"Karibu, mushona mikeka," Pierre alisema. "Karanga iko. Ao Mungu yako anakatazaka?"

"Okota maganda yako."

"Utaokota wewe. Kazi yako si kutambaa?"

Pierre akainuka, akajifuta mikono kwenye kaptura ya kampuni, akaenda zake polepole kwenye sehemu yake. Hemedi alipiga magoti akaokota maganda moja moja. Hakuyaokota kwa upole wa moyo. Kila ganda aliliokota na tusi lake, ila matusi yote aliyameza, kwa sababu alikuwa amefunga.

Kampuni ilikuwa inachimba dhahabu huko Kabambare, na Wazungu wake walikuwa wamekata msitu wakajitengenezea kiwanja cha golfu. Kiwanja kilikuwa na vitundu tisa. Kila kitundu kilizungukwa na duara la majani mafupi, laini kama zulia, na duara hilo ndilo waliloliita grini. Mpira mdogo mgumu uliporuka juu ukaanguka hapo, hasa baada ya mvua, ulibonyeza majani ukaacha shimo la ukubwa wa kikombe cha kahawa. Hemedi aliliita kidonda. Kazi yake ilikuwa kuponya vidonda vya grini ya tano hadi ya tisa. Grini nne za kwanza zilikuwa za Pierre. Juu yao wote wawili alikuwapo msimamizi wao, kapita Théophile.

Hemedi alikuwa mtu wa Kasongo mjini. Baba yake alikataa kumpeleka shule, kwa kuwa shule ilikuwa ya misheni na mzee hakutaka mwanawe abatizwe. Basi akakua miguuni pa mama yake, Fatuma, mwanamke wa Nyangwe aliyekuwa akisuka na kushona mikeka. Kwake alijifunza kwamba mkeka ukitoboka, hushiki pale palipotoboka, maana pamekwisha kufa. Unaingiza sindano pembeni, penye ukindu mzima, na unavuta kidogo kidogo kuja katikati, mpaka wazima wafunike wafu.

Alikuja kwenye dhahabu pamoja na ndugu yake Ramazani, wakatumwa wote galeri, chini ya ardhi. Huko udongo ulimwangukia Ramazani, wakamtoa maiti siku ya pili. Hemedi alibaki na kikohozi, na daktari akaandika kwamba mtu huyu afanye kazi ya juu. Hivyo ndivyo alivyofika kwenye majani, na Pierre hakumsamehe, kwa kuwa nafasi hiyo alikuwa amemwekea binamu yake.

Tangu siku ile Hemedi aliogopa kitu kimoja tu duniani: kurudi galeri. Na liste, orodha ya watu wa galeri, iliandikwa na kapita.

Mwaka mmoja nyuma, Mzungu mwenye kusimamia kiwanja, ambaye wafanyakazi walimwita Bwana Tarumbeta kwa namna alivyopenga kamasi, alikuwa amewakusanya kuwafundisha. Alisema Kifaransa kirefu huku akichezesha vidole. Théophile, ambaye misheni ilimpa miaka sita na suruali ndefu, akawageukia akasema, "Bwana anasema hivi: ingiza uma chini ya shimo, inua. Basi."

Pierre akafanya vile. Aliingiza uma chini, akainua, na mizizi ikakatika. Kidonda kilionekana kimepona kwa siku mbili, kisha kikawa cha manjano, kisha udongo mtupu. Hemedi aliona moyoni kwamba Mzungu huyu hajui majani. Hakubisha. Alichukua sindano ya mama yake, iliyotengenezwa kwa ufito wa mwavuli, akaificha ndani ya mkunjo wa kaptura. Kapita alipokuwa mbali aliingiza sindano pembeni, akavuta majani mazima kuja katikati, pande zote, kisha akapiga na kiganja mpaka pakalala sawa. Grini zake zilikuwa kijani. Kwa hiyo Théophile naye akaanza kumchukia, maana hakuna kapita anayependa kuona kazi iliyoharibika kwa agizo lake na kazi iliyo nzuri bila agizo lake.

Ijumaa hiyo Bwana Tarumbeta alikuja mapema kukagua, kwa kuwa Jumapili Wazungu wa Kindu wangekuja kushindana. Kutoka grini ya sita Hemedi alimsikia akipiga kelele kwenye ya nne. Halafu Théophile akaita.

"Hemedi! Kuja hapa! Mbio!"

Alipofika alimkuta Bwana amesimama juu ya majani yenye mabaka, kama kichwa cha mtoto mwenye choa. Pierre alikuwa pembeni na uma wake mkononi.

"Nani nafanya hii?" Bwana aliuliza kwa Kiswahili chake kidogo cha kuvunjika.

Théophile akajibu Kifaransa, haraka haraka, akimwonyesha Hemedi kidole. Hemedi alisikia jina lake mwenyewe na neno *mine*, mgodi. Neno hilo alilijua.

"Kapita," alisema, "grini ya nne si yangu. Mwambie."

"Nyamaza. Toa ile kitu unafichaka."

"Kitu gani?"

"Dawa yako ya uchawi. Iko kwenye kaptura."

Hemedi akaitoa sindano. Bwana Tarumbeta aliichukua, akaigeuza, akaitazama ncha yake, akamrudishia. Kisha alichukua fimbo na mpira, akaenda mbali kidogo, akapiga. Mpira ukaenda juu, ukashuka, ukalia *pu* kwenye majani mabichi.

"Tengeneza," Bwana alisema.

Hemedi alipiga magoti. Aliingiza sindano pembeni, akavuta kuja katikati. Akazunguka, akaingiza tena, akavuta. Alipomaliza akapiga na kiganja mara tatu na kusogea kando. Bwana akauweka mpira chini, akausukuma taratibu upite juu ya pale. Mpira ukapita kama unapita juu ya meza.

Mzungu akapenga kamasi. Halafu akainua mikono yake miwili, vidole vikitazamana, akavisukuma vikutane.

"Hivi! Mimi nasema hivi zamani! Kutoka pembeni!"

Akamgeukia Théophile, na uso wake ulikuwa umeanza kuwa mwekundu.

Hapo Hemedi akaelewa. Bwana hakuwahi kusema inua. Kifaransa kile kirefu kilikuwa na pembeni na katikati ndani yake, na kapita alisikia kipande kimoja tu, au alisikia vyote akaona aibu kuuliza. Mwaka mzima Hemedi alikuwa akimficha Mzungu kitu ambacho Mzungu mwenyewe alikiagiza. Alimtazama Théophile, na Théophile akajua kwamba ameelewa.

"Kapita, wewe nasema nini kwa watu?" Bwana aliuliza.

Théophile alijibu Kifaransa, jasho likimtiririka shingoni, na sasa kidole kikahamia kwa Pierre. Kisha akamgeukia Hemedi akasema kwa sauti ya kanisani, "Bwana anataka kujua kama mimi nilifundisha ninyi wote sawa, kutoka pembeni. Wewe ulisikia, Pierre hakusikia. Ni vile?" Na bila kupumzika akaongeza chini chini, upesi, Kiswahili ambacho Mzungu asingekishika, "Liste iko mukononi mwangu. Jibu muzuri."

Pierre akaangusha uma.

"Kaka Hemedi," alinong'ona. Tangu wajuane hakuwahi kumwita hivyo. "Alisema inua. Tulikuwa wawili, tulisikia wawili. Sema ukweli, kaka."

Bwana Tarumbeta alikuwa anangoja. Hemedi aliwaza maganda ya karanga. Aliwaza pia ndugu yake Ramazani, alivyotolewa kinywa kimejaa udongo. Hakujua ni wazo gani lililomfungua mdomo.

"Ndiyo, Bwana," alisema. "Kapita alisema kutoka pembeni."

Jumatatu Pierre alipewa taa na kofia za galeri. Grini zote tisa zikawa za Hemedi. Théophile alimfuata kwenye grini ya kwanza, uso umemkunjuka.

"Sasa tuko ndugu," alisema. "Mfungo ukiisha nitakutumia kuku."

"Toka kwenye majani, kapita. Kiatu chako kina misumari."

"Unanitukana?"

"Niandike kwenye liste basi. Bwana akiuliza tena, nitamjibu nini?"

Théophile akatoka kwenye majani. Kuanzia siku hiyo hawakusemezana ila kwa kazi.

Saa ya watu wa galeri ikafika. Walipita njiani, mstari mrefu, na Pierre alikuwa katikati. Hakugeuza shingo. Mtu wa nyuma yake ndiye aliyepiga kelele:

"Kutoka pembeni!"

Mstari mzima ukacheka na kuitikia, "Kutoka pembeni!" Hemedi aliokota jiwe, akalitupa, halikumfikia mtu.

Jioni mkewe, Amisa, alirudi kutoka mtoni na ndoo tupu. Emilienne, mke wa Pierre, alikuwa ameyamwaga maji yake mbele ya wanawake wote.

"Ulisema nini huko?" Amisa aliuliza. "Wananiita muke wa Kutoka Pembeni."

"Nilisema ili nisirudi galeri."

"Na Pierre?"

Alichukua ndoo akaenda kuchota mwenyewe, na wanawake wakampisha kana kwamba ana ukoma.

Pierre hakufa galeri. Alifanya miaka minne, akarudi kijijini kwao kulima mpunga, na hakumsalimia Hemedi hata siku moja. Majani ya kampuni yalikuwa kijani miaka yote minne, na Wazungu wa Kindu waliyasifu. Katika kambi ya wafanyakazi hakuna aliyemwita kwa jina la Hemedi tena. Watoto walimwita Kutoka Pembeni, na wakubwa pia, hata imamu alijisahau mara moja. Mwaka wa kwanza aliwarushia mawe. Mwaka wa pili aliwatukana. Mwaka wa tatu, mtu alipoita jina hilo kutoka njiani, aligeuka, bado amepiga magoti, sindano mkononi, akaitika.

"Naam. Unataka nini?"