Waya Aliourudisha Baba

Nakumbuka siku moja taa nyekundu ya oili iliwaka kwenye teksi ya baba yangu, nami, mwanangu, nikaizima mbele za watu, wakanipigia makofi. Makofi yale yananiuma hadi leo.

Ndiyo kwanza nilikuwa nimemaliza kujifunza umekanika hapa Lubumbashi, na nilikuwa nayo ile mashine ya kusoma hitilafu za injini, tunayoiita valizi. Siku zile mashine hizo zilikuwa chache, na aliyekuwa nayo alitembea kifua mbele. Changu kilitangulia hata pua. Baba aliniita kwenye parkingi ya teksi za Kasumbalesa, abiria wake wamekwisha kuketi. Nikachomeka valizi, ikaleta namba ya kapteri ya oili, yaani kile kifaa kidogo kinachopima kama oili inasukumwa sawasawa ndani ya injini. Niliposoma jina la kifaa, nikaona nimekwisha kumjua mgonjwa.

Baba hakujua kusoma namba zile. Alichukua bisibisi, akaegemeza ncha kwenye injini na mpini sikioni, akasikiliza kwa muda mrefu.

"Mutoto yangu, hii motere iko nalia," alisema. "Uliangalia muzuri?"

"Papa, ni kapteri tu njo imekufa. Valizi imesema."

"Kama unasema vile, basi ni vile. Weye njo ulisoma."

Kumbe ningefungua kapteri ile na kufunga geji ya kupimia mahali pake, kazi ya muda mfupi tu, ningeona oili haipandi. Lakini madereva walikuwa wakinitazama. Nikachomoa waya wa kapteri, taa ikazimika, na baba akawaambia wenzake, "Munaona mutoto yangu?" Akaondoka na abiria wake.

Alirudi jioni juu ya lori la mahindi, amepakata betri ya gari isije ikaibwa. Injini ilikuwa imekwama njiani kwa kukosa oili, haizunguki tena. Gari ile ndiyo iliyotulisha sote.

Nyumbani mama aliuliza kulikoni. Nami, Mungu anisamehe, nikasema pengine Papa alisahau kuongeza oili. Baba alinitazama kidogo.

"Ni kweli," akasema. "Nilisahau." Kisha akaomba maji ya kunywa.

Gari iliuzwa kama chuma chakavu. Baba akawa mlinzi wa nyumba ya mtu kule Kasungami, akienda na kurudi kwa miguu, na mimi kazi zikazidi kunijia. Kila juma nilijiambia Jumapili baada ya misa nitamweleza ukweli. Jumapili ikipita, nasubiri nyingine. Miaka ikaenda hivyo, hata akafa.

Wahenga walisema mficha maradhi kilio humfichua. Kwenye kilio cha baba, Mzee Kalasa, dereva mwenzake aliyekwenda kuivuta ile gari, aliketi karibu nami.

"Siku tulienda kuivuta, Papa yako alifungua kapo, kile kifuniko cha motere, akaona kawaya kametoka," alisema polepole. "Akakarudisha yeye mwenyewe, kabla bantu ba garaji bafike. Akaniambia: bakiona hii, hakuna mutu atamuletea tena mutoto yangu gari."

Nililia, mwanangu. Watu walidhani ni uchungu wa msiba tu.

Basi nisikilize, wewe unayeanza kazi na valizi bora kuliko yangu. Namba inakuonyesha panapouma, haikutajii ugonjwa. Kapteri ikikwambia oili haipandi, iamini kwanza, pima, ndipo uilaumu. Usizime taa ili kuwapendeza wanaokutazama. Mzee akisema anasikia kitu, hata kama hajui kusoma, nyamaza usikilize pamoja naye. Na ukikosa, sema siku hiyo hiyo, usingoje Jumapili. Mimi nilikwenda kumwambia baba makaburini, na nilirudi nyumbani na mzigo wangu vilevile.

Bisibisi yake ninayo. Ichukue, mimi masikio yameshachoka. Mungu aibariki mikono yako, akupe uvumilivu wa aliyekuwa na bisibisi hii, na kila utakayemkosea akusamehe kwa kinywa chake mwenyewe, nawe ukisikia.