Jirani kwenye usukani wangu

Gari yangu ililia hata mtaa wa mbali wa Musonoi wakajua nimetoka nyumbani, na mbwa wa Kolwezi nzima walinijibu. Shida ilikuwa silembloki, ile mipira inayokaa kwenye maungio ya mikono ya magurudumu. Ilikuwa imelika mpaka chuma kinasugua chuma. Ningevumilia, lakini mke wangu ni mwimbaji wa kwaya.

"Tata," akaniambia Jumapili moja, yaani baba, kama tunavyomwita kila mwanamume wa heshima, "sauti yangu inafika kanisa iko inatetemeka. Mi nitaendaka na jirani."

Jirani yetu alifiwa na mke. Ana gari laini kama siagi, na meno yake yote kinywani. Jumapili tatu niliwaangalia wakiondoka, naye anamfungulia mlango kana kwamba mke wangu hana mikono. Wivu wangu ungeyeyusha shaba bila tanuru.

Jumamosi nikainua gari uani, nikatoa silembloki za zamani kwa nyundo na kipande cha bomba, nikapachika mpya. Nilipoanza kukaza bulo, zile bolti zinazozishika, jirani akachungulia juu ya ukuta.

"Tata, usikaze ikiwa juu. Shusha kwanza motokari, ikalie miguu yake, njo ukaze. Mupira itapasuka."

"Asante, tata. Mi nilisomaka fizike."

Kweli nilisoma, shule ya jioni, na diploma iko ukutani. Lakini moyoni nilisema: huyu anataka gari yangu iendelee kulia. Nikakaza ikiwa juu, kwa nguvu za ng'ombe wanne.

Nilipoishusha, ikabaki imeinuka kama mtu aliyekalia msumari. Nikazunguka mtaa mara moja. Kila shimo lilinifika kichwani. Mke wangu alinisubiri mlangoni.

"Haiko inalia tena," nikasema.

"Iko inaruka. Ita yule tata."

Nikamwita. Akasema nilegeze bulo zote, watu wakae ndani, gari ibebe uzito kama barabarani, ndipo nikaze. Watu gani? Yeye, kwenye usukani wangu, na mke wangu kando yake. Mimi chini, mgongo kwenye vumbi jekundu.

Juu yangu wakaanza kuongea polepole. Mara mke wangu akacheka kile kicheko anachokifunika kwa kiganja. Gari nzima ikatikisika. Nikakaza bulo ya mwisho mpaka ufunguo wa kukazia ukalalamika.

Jumapili mke wangu alipanda kwangu. Tulipita mashimo yote, gari kimya. Ungesikia sisimizi akifikiri. Nikashindwa kujizuia.

"Jana alikuambia nini mpaka ukacheka vile?"

"Alisema miguu yako, vile inatokea chini ya motokari, iko kama ya mujusi yenye watu balikanyaga."

"Na wewe ukacheka."

"Ilikuwa vile kabisa, tata."

Akaanza kupasha sauti yake ya kwaya. Mbele yetu jirani aliendesha, kiti cha kando kitupu. Nikampita polepole, polepole sana, ili aangalie vizuri.