Msemaji wa Posa wa Itaosy

Kwa miaka mingi Miangaly aliishi kwa kuwasifia mafundi asiowajua. Ofisi alikofanya kazi ilikuwa Ankadifotsy, mtaa wa jiji la Tana, juu ya duka la vitambaa, na kazi yote ilitoka Ufaransa: leo fundi wa paa, kesho mnyoa mbwa, keshokutwa msafisha dohani. Wote walitaka jambo moja, kwamba mtu akiandika shida yake kwenye simu, jina la kwanza kujitokeza liwe lao. Miangaly aliwatengenezea tovuti, akawachagulia rangi na picha, akawaandikia kurasa. Hakuwahi kuvuka bahari, ila alijua kabisa mtu wa kule akipasukiwa na bomba huandika nini. Haandiki "huduma bora za mabomba". Anaandika "maji yanatoka ukutani nifanyeje". Basi Miangaly alianzia hapohapo ukutani. Wateja wakipiga simu alikuwa Sophie, kwa sababu mkuu wa ofisi aliona jina lake halisi lingewafunga ndimi. Sophie alipendwa sana.

Nyumbani kwake Itaosy, ng'ambo ya mashamba ya mpunga, alipakana na mjomba wake Ratsimba, aliyemlea tangu mama yake alipofariki. Ratsimba alikuwa msemaji wa posa. Kwao binti haposwi hivihivi: ukoo wa kijana huja na msemaji wake, ukoo wa binti nao huwa na wake, na wawili hao hushindana kwa maneno mbele ya watu mpaka zawadi ya posa, mkia wa kondoo, ipokewe, ambayo siku hizi ni bahasha ya fedha tu. Zamani Ratsimba hakupata Jumamosi ya kupumzika. Sasa alikuwa anakaa barazani na lamba yake nyeupe, shuka ya kujitanda begani, imekunjwa tayari, viatu vinang'aa, na simu haitoi hata mlio.

"Watu hawaoani siku hizi?" alimuuliza Miangaly asubuhi moja, wakila mikate ya mchele na kahawa.

"Wanaoana, mjomba. Ila msemaji wanamtafuta mtandaoni."

"Wanamtafuta mtandaoni nami nipo hapa?"

"Ndiyo shida yenyewe. Upo hapa, huko hupo."

Mzee akatafuna kwanza. "Basi nipeleke huko," akasema.

Miangaly aliianza kazi kama alivyofundishwa: kwa kuuliza. Siku ya soko alizunguka Andravoahangy akiwauliza wauza mashuka na magauni ya harusi wangeandika nini kama wangetafuta msemaji wa posa. Wengine walimcheka, wengine walimjibu. Jioni akamletea mjomba habari.

"Wanaandika 'msemaji wa posa Tana'. Wanaandika 'msemaji wa posa anayechekesha'. Lakini wengi, mjomba, usikasirike, wanaandika 'hotuba ya posa fupi'."

"Fupi!" Ratsimba aliweka kikombe chini. "Fupi kwa nini? Kuna mtu anaungua?"

"Mjomba, vijana hawana subira."

"Asiye na subira na aende akanunue mke dukani."

Walibishana hivyo kwa siku kadhaa, wakipatanishwa na Tojo, mume wa Miangaly, ambaye kila mara alikuwa na njaa na alitaka mjadala uishe chakula kipakuliwe. Miangaly alitaka ukurasa useme mambo waziwazi: nani, wapi, anafanya nini, mpigie hapa. Mzee aliona huo ni utovu wa adabu. Msemaji hasimami mbele za watu akaanza na shughuli. Kwanza huomba radhi. Hujishusha, hukiri kwamba wapo waliomtangulia kuzaliwa, ndipo aruhusiwe kufungua kinywa.

"Huo ni ukurasa, si ua wa wakwe," alisema Miangaly.

"Wanaousoma ni watu au ng'ombe?"

"Ni watu."

"Basi nitawaomba radhi."

Miangaly akachoka, akaachia. Maneno ya kuomba radhi akayaweka juu kabisa. Chini yake akapanga mambo yake: picha ya Ratsimba akiwa na lamba begani na mkono hewani, majina ya mitaa na miji anakokwenda, video moja aliyoirekodi Tojo, maswali ambayo watu huuliza na majibu yake. Aliandika pia jibu kuhusu urefu wa hotuba, kwamba utategemea wakwe wamepika nini. Jibu hilo mzee alilipenda mno, akawa anadai ni lake.

Wiki chache zilipita. Siku moja ofisini, mwenzake Fenosoa aliandika yale maneno ya sokoni, 'msemaji wa posa Tana', kwenye kompyuta yake, kisha akacheka mpaka akashika meza.

"Shoga, njoo uone mjomba wako!"

Mzee alikuwa wa kwanza. Juu yake hakukuwa na mtu. Ila chini ya jina lake, pale kila mfanyabiashara anapojisifu kwamba yeye ni bora, wa haraka na wa uhakika, Google ilikuwa imechukua mistari ya mwanzo ya ukurasa na kuibandika ilivyo: "Niwieni radhi, mimi si mkubwa wala si mjuzi, wapo wengi wanaonizidi kwa umri na kwa maneno..."

"Ni tangazo la kwanza nililoona linalomwambia mteja aende kwingine," alisema Fenosoa, akijifuta machozi.

Miangaly aliona aibu, akajiandaa kuirekebisha baada ya chakula cha mchana. Kabla hajamaliza wali wake, simu iliita. Alikuwa kaka mmoja aliyekuwa akifanya kazi kisiwa cha jirani, Reunion, anatafuta msemaji wa upande wa dada yake anayeposwa Itaosy.

"Nimefungua wengi," yule kaka alisema. "Wote wanasema ni namba moja. Huyu wenu peke yake ndiye kaomba radhi. Nikamwambia mke wangu, huyu ndiye msemaji, hao wengine ni madalali."

Miangaly akakubali Jumamosi aliyoitaja, na yale maneno hakuyagusa tena.

Simu zilizidi. Ratsimba alinunua kofia mpya na akaanza kumwambia kila jirani kwamba yuko juu kabisa, bila kueleza juu ya nini. Ukurasa ulikuwa na namba zao wote wawili, hivyo nyingine zilimfikia Miangaly, nyingine zilikwenda moja kwa moja kwa mzee, na hapo ndipo mambo yalipochanganyika.

Ilikuwa Jumapili, wametoka kanisani, wamekaa mezani na sufuria ya nyama na mboga chungu. Miangaly akasema, "Mjomba, usisahau Jumamosi hii una posa hapahapa Itaosy."

"Nisahau vipi? Nimeshawapa neno watu wa kijana."

Kijiko cha Miangaly kikasimama. "Watu wa kijana? Aliyenipigia mimi ni kaka wa binti."

"Mimi amenipigia shangazi wa kijana, kutoka Antsirabe. Mama mwenye sauti kubwa."

"Binti anaitwa nani?"

"Holisoa."

"Wangu pia Holisoa."

Walitazamana. Tojo peke yake ndiye aliyeendelea kula. "Basi mjomba atajiposa mwenyewe," alisema. "Atauliza akiwa mlangoni, akimbilie ndani ajibu."

Hakuna aliyecheka isipokuwa yeye. Neno la msemaji likishatolewa halirudi, na koo mbili zilikuwa zimelipokea. Miangaly aliwaza wasemaji wengine wote wa Itaosy. Aliyelingana na mjomba wake alikuwa mmoja tu, Mzee Zefania, na Ratsimba alikuwa hajasemeshana naye tangu siku Zefania alipomtoza faini, kama desturi inavyoruhusu, mbele ya ukumbi mzima kwa kukosea jina la bibi wa binti aliyekuwa akiposwa. Wakikutana njiani mmoja huvuka barabara.

"Afadhali niugue," alisema Ratsimba.

"Utaugua pande zote mbili?"

Jumatatu jioni Miangaly alikwenda mwenyewe. Zefania alimpokea vizuri, akamwekea kikombe cha maji yaliyochemshiwa kwenye ukoko wa wali, akasikiliza mpaka mwisho. Kisha masharubu yakamcheza.

"Kwa hiyo mashine yako imemweka Ratsimba juu kabisa."

"Ndiyo, baba."

"Na mimi niko wapi?"

Miangaly alishindwa kudanganya. "Hupo, baba."

"Aha." Mzee aliivuta lamba yake. "Nitasema upande wa kijana, kwa kuwa mwenye kubisha hodi ndiye mwenye kazi ngumu. Lakini tukimaliza, mwanangu, na mimi unipeleke huko. Na uandike kwamba nilimtoza faini."

"Hilo siwezi kuandika."

"Basi picha yangu iwe kubwa kuliko yake."

Miangaly aliwapigia simu akina shangazi wa Antsirabe, akawaeleza ukweli wote, na shangazi mwenye sauti kubwa akacheka sana, akasema mradi msemaji awe na meno.

Jumamosi ua ulijaa mpaka watoto wakakaa juu ya ukuta. Zefania alisimama mlangoni, akaomba radhi kwa wazee, kwa ardhi, kwa waliolala na walio macho. Ratsimba akajibu kutoka ndani kwa radhi iliyoipita ile kwa urefu. Mmoja alirusha, mwingine akadaka. Zefania alisema wamefuata ua moja tu katika bustani. Ratsimba akauliza kama bustani yao wenyewe imekauka. Watu walipiga makofi, shangazi akapiga kelele, Holisoa akawa anacheka nyuma ya pazia. Kisha Ratsimba, kwa kuchangamka, akakosea jina la baba wa kijana. Ua mzima ukamgeukia Zefania. Miangaly alifumba macho.

"Niwie radhi," Zefania alisema taratibu, "masikio yangu yamezeeka, sijasikia vizuri. Hebu rudia."

Ratsimba akarudia, safari hii sawasawa. Alipotoka kuipokea bahasha, alimshika mkono Zefania kwa mikono yake yote miwili na hakuuachia haraka. Kijana na Holisoa waliketishwa pamoja jua likiwa limeshaanza kushuka, na hakuna aliyeulizia hotuba fupi.

Video ya siku ile Miangaly aliiweka kwenye kurasa zote mbili, kwa kuwa alitimiza ahadi yake, na picha zilikuwa za ukubwa mmoja. Alizipima mbele yao. Wazee hao wakaanza kupeana kazi, na kila Jumatatu humpigia simu ofisini, kila mmoja kwa wakati wake, kumuuliza nani yuko juu.

Juzi alikuwa anaandika habari za mifereji ya paa ya Ufaransa simu ilipoita. Mama mmoja wa Toamasina alikuwa ameiona video.

"Mwanangu anaposa mwezi ujao," alisema. "Ninawataka wale wawili."

"Yupi awe upande wenu, mama?"

"Wa upande wetu na wa wakwe, wote nawalipia mimi. Nimeshaongea na wakwe, wamekubali. Ila wasiharakishe."

"Hawataharakisha," alisema Miangaly. Mama akamuuliza jina lake, ili ajue anazungumza na nani, naye akamtajia, si Sophie bali lake lote kwa ukamilifu, pamoja na la baba yake.