Napika Sufuria Moja na Mke wa Aliyeniulia Mume

Bwana Mhariri, assalamu alaykum. Kisa hiki naomba ukitie kwenye ukurasa wako, ila jina langu ulifiche. Majina ya humu ndani nimeyabadilisha mwenyewe. Mie ni mjane wa miaka ishirini na sita, nna mtoto mmoja wa kike. Kwetu ni Kisiwa Panza, lakini niliolewa huku, kijiji kisicho mbali na Wambaa, na ndiko niliko mpaka leo.

Nyote mnajua siasa ilivyotuingilia hapa Pemba. Kijijini petu watu waligawika vyama viwili, na mgawiko wenyewe haukuishia kwenye kura. Duka la huyu, yule haingii. Akifa mtu wa upande huu, wa upande ule hawendi kuzika. Wako wanawake walioachwa kwa sababu tu baba zao wana kadi nyingine. Siku ya uchaguzi watu wakapigana. Mume wangu, nimwite Khatibu, hakuwa mtu wa fujo. Alikuwa anarudi kutoka Mkoani kununua chumvi na mafuta ya taa, akakatwa panga njiani, akafa palepale. Waliokuwepo walisema aliyemkata ni Makame, jirani yetu wa bondeni, ambaye kila msimu tulikuwa tukichuma naye karafuu. Polisi walimchukua, kisha wakamwachia. Mashahidi wote ni wa chama chetu, ikaonekana wanamsingizia.

Nikakaa eda. Nilipotoka nikakuta njaa. Mihogo imeng'olewa kwa uadui, nyumba zimechomwa, waliofukuzwa kwenye mashamba wamelala skuli na watoto wao. Ndipo wakaja watu wa misaada kutoka Unguja na magunia ya unga wa njano na maziwa ya unga. Mkubwa wao ni nesi, nimwite Bi Zuhura. Alitaka wanawake wawili wa kuwapikia watoto uji pale skuli, mmoja kila upande, maana kila upande ulikuwa unasema wenzao watatia sumu. Wetu wakanitoa mie. Wa upande wa pili wakamtoa Rukia, mke wa Makame.

Shemegi yangu Faki, mdogo wake marehemu, alinijia mbio.

"Utakaa naye jiko moja, weye?"

"Nna mtoto, Faki. Ale nini?"

Akageuka, akaondoka.

Mwanzo tulipika sufuria mbili, kila mtu na yake. Watoto hawakujali, walikwenda kwenye foleni fupi. Kuni zikawa shida, Bi Zuhura akasema tupike sufuria moja. Tukapika. Hatukuwa na maneno ila "nipe mwiko" na "maji yashachemka." Watoto wa Makame wakija na bakuli zao nawatilia kama wengine. Mkubwa wao husema, "Ahsante, bibi." Watu wakaanza kunisifu: "Mashaallah, mwanamke huyu kasamehe."

Sijasamehe. Wala sina chuki. Mkono ukifa ganzi unauona ni wako, ukiubonyeza huuhisi. Ndivyo nilivyo. Hata siku ile walipomleta Khatibu juu ya kitanda cha kamba sikulia, na mama yangu alidhani nimepata wazimu.

Sasa nisikilizeni. Mwezi uliopita tulikuwa tunaosha sufuria, Rukia akasema bila kuniangalia, "Siku ile alirudi, akaliosha panga kisimani. Nikamuuliza, hakunijibu. Nikampakulia wali, akala."

Nikamuuliza, "Mbona waniambia mie?"

"Kwa sababu weye ndiye mwenye haki ya kujua. Na mie sina wa kumwambia."

Akawa analia. Nikachukua jivu nikaendelea kusugua. Nilitafuta ndani ya moyo wangu kitu cha kumwambia, kizuri au kibaya, sikukiona.

Jumatatu iliyopita Bi Zuhura alituita sote. Alisema unga unakwisha na wao wanaondoka, hawataki watuache tukiwa ombaomba. Watatuachia saruji ya kujengea kisima kipya, mbegu za mboga, na kuku. Vyote vitakuwa vya wanawake wa pande zote mbili, na wakubwa wa kikundi tuwe mie na Rukia. Mmoja wetu akikataa, vitu vitapelekwa kijiji kingine, kwa kuwa upande mmoja ukishika peke yake vita vitarudi. Rukia akasema, "Mie nimekubali." Wanawake wote wakanigeukia. Nikaomba wanipe siku za kufikiri.

Tangu hapo Faki kila akipita ananiambia, "Ukiweka mkono wako na wa mke wa yule, ukifa usitutegemee tukuzike." Hajui niliyoambiwa na Rukia. Nikimwambia atakwenda kwa Makame na panga lake, na tutarudi kulekule. Nikenda polisi, Rukia ataachwa siku hiyohiyo, pengine atauawa, na hapatakuwa na kikundi wala kisima. Nikinyamaza, damu ya mume wangu naifukia mwenyewe kwa mikono yangu, na yeye alinitunza vizuri, Mwenyezi Mungu amrehemu.

Bi Zuhura atarudi wiki ijayo kuchukua jibu. Watoto wanaokula uji pale skuli wanamngojea, na wangu ni mmoja wao.

Ndugu zangu wasomaji, msiniambie nisubiri wala nisamehe. Hayo nimeambiwa na kila aliyekuja kunipa mkono wa tanzia. Mtu mwenye hasira hufuata hasira yake, na mwenye huruma huifuata huruma yake. Mie sina hata moja ya kunionyesha njia, na jibu linatakiwa. Nishaurini, nifanye nini?