Risasi ya Nne

Mke wangu alinikubalia bunduki kwa masharti mawili, nami nikayavunja yote mawili kwa mpigo mmoja, tena kwa sababu ya gundi ya skrubu.

Ilikuwa shotgani nyepesi, ile inayotema chembe nyingi kwa risasi moja. Nilichagua nyepesi kwa kuwa bega langu la kulia liliishia kazini. Miaka kumi na sita nimeinua wazee kutoka kitandani kwenda kwenye viti vya magurudumu, bega litabakije la kijana? Ila hakuna aliyeniambia kwamba bunduki nyepesi ina teke kuliko nzito. Nzito hulimeza teke lenyewe, nyepesi inakuletea wewe. Na teke hilo, ukifyatua mara mbili tatu, linalegeza skrubu za darubini.

Darubini yenyewe ni kijidude cha kioo kinachofungwa mgongoni mwa bunduki. Ukichungulia unaona nukta nyekundu, na nukta ilipo ndipo chembe zitakapokwenda. Kijana haihitaji. Mimi navaa miwani ya lensi mbili: nikiitazama ncha ya mtutu, ndege anapotea, nikimtazama ndege, ncha inapotea. Na bata mzinga wa porini hana subira na mtu wa miwani. Ukigeuza shingo tu, ameshaondoka.

Mambo haya yote aliniletea mwenzangu wa kazini, mzee Mzungu ambaye ni fundi wa jengo letu la wazee pale Roseville. Bata mzinga hupita kwenye maegesho yetu kila asubuhi, wanatembea kama wenye nyumba, na hao hawaguswi. Lakini yeye huenda kuwawinda mbali huko mashambani, na mwaka mmoja aliniletea paja. Nikalipika na kitunguu na nyanya tu. Nilikula hadi mfupa. Tangu niondoke nyumbani Kenya sijakula nyama ya ndege yenye ubishi namna ile, nyama inayokukumbusha kwamba una meno. Basi nikashikwa na kiherehere, nami nataka kwenda, nami nataka bunduki.

Mke wangu ni Mkongo wa Kivu. Tulikutana kanisani, akiwa ametoka kambi ya wakimbizi miaka michache tu nyuma. Nilipomweleza, hakubishana. Aliweka sufuria chini, akajifuta mikono.

"Bunduki isiingie mu nyumba," akasema. "Ikae mu gereji, mu sanduku, na kufuli. Na risasi zisilale hapa hata siku moja. Siku nitaiona ndani, mi nabeba batoto, naenda kwa dada yangu."

Dada yake yuko jimbo lingine, safari ya siku mbili kwa gari. Na mke wangu hatishi watu. Akisema, amesema.

Nilidhani najua sababu. Alikulia vitani, aliwaona askari, basi. Katika kichwa changu aliziona bunduki kwa mbali, kama mimi nilivyozoea kuziona mlangoni mwa benki. Nikakubali masharti, risasi zikawa zinakaa kwa yule mzee, nyumbani kwake Eden Prairie, na bunduki gerejini chini ya kufuli.

Ijumaa moja ya Aprili mimi na yule mzee tulikwenda uwanja wa kulengea shabaha. Nikaweka risasi nne: moja juu, mtutuni, tatu kwenye bomba lililo chini ya mtutu, zinapopanga foleni kungoja zamu. Ya kwanza ikapiga katikati ya karatasi. Ya pili ikaenda kushoto, kiganja kizima. Nikaigusa darubini, ikacheza kama jino bovu. Sasa mimi nina hasira za karibu, sikatai. Msimu wa kuwinda ulikuwa umebakiza siku tano uanze, vidole vimekufa ganzi kwa baridi, na kijidude cha bei kali kinacheza! Nikavuta mkono mdogo wa ubavuni mwa bunduki, risasi ya tatu iliyokwisha kupanda juu yenyewe ikaruka nje, nikamtupia mzee kwenye boksi lake. Nikachungulia juu, tupu. Nikasema twende.

"Weka kidole kwenye bomba," akaniambia. "Usiamini macho."

"Nimeona," nikamjibu. "Ni tupu."

Aliniangalia kidogo, akafunga boksi lake. Ni mtu mzima, hakunifundisha mara mbili.

Jumamosi asubuhi mke wangu aliwapeleka watoto mazoezi ya kwaya, akasema watarudi jioni. Nikaingia gerejini. Nikazitoa skrubu, nikazipangusa na spiriti, nikatia gundi tone moja moja, nikakaza. Kichupa kilisema gundi inataka joto na isisogezwe kwa saa kadhaa. Gerejini pumzi yangu ilikuwa inaonekana. Theluji ilianguka tena usiku ule, Aprili hiyo, na huku mtu unaambiwa ni majira ya kuchipua. Chumbani kwetu hita ilikuwa inanguruma kwa raha zake.

Nikajiambia, saa nne tano tu, nani atajua? Nikailaza kitandani juu ya mito miwili ili ikae sawa, nukta ikitazama dari, nikaifunika shuka. Mlango wa chumba hauna ufunguo. Kisha nikaondoka kwenda mtaa wa Cedar-Riverside kununua nyama ya mbuzi ya Jumapili.

Nilikuwa kwenye foleni ya bucha simu ilipolia.

"Papa, unaporudi leta soda," mke wangu akasema. "Bantu banaanza kufika."

"Watu gani?"

"Ya fellowship. Haukusikia audio?"

Sikuisikia. Mwenyekiti wetu wa ibada za nyumbani hutuma sauti ya dakika nane. Anaanza kwa salamu katika jina la Bwana, anapita kwenye ushuhuda, anamshukuru kila aliyeleta chapati mara ya mwisho, na habari yenyewe inakuja dakika ya saba. Mimi huwa nabonyeza ionekane nimesikiliza. Kumbe mtoto wa wenyeji wa wiki ile alikuwa na homa, na ibada imehamishiwa kwetu, saa tisa.

"Na makoti?" nikauliza. Hata sauti yangu sikuitambua.

"Makoti? Si mu chambre? Ni wapi tena?" Akakata.

Ndivyo tulivyo, Wakenya kwa Wakongo. Nyumba zetu hapa hazina pa kuning'iniza makoti thelathini ya theluji, basi yote hurundikwa kitandani kwa wenyeji. Na wakubwa wakishafumba macho kuomba, watoto hupanda juu ya lile rundo, wanarukiana, wanazikana kwenye makoti. Hakuna anayewakataza, maana ndipo mahali pekee wanapokaa bila kulia.

Nikapiga tena. Hakushika. Nikapiga ya pili, ya tatu. Hakushika. Mwenye bucha aliniita, nyama iko mizani, mimi niko mlangoni nakimbia.

Nilidraivu vibaya, Mungu anisamehe. Taa nyekundu ya kwanza ndiyo iliyonimaliza, kwa sababu nilisimama, na nikisimama nahesabu. Niliweka nne. Mbili zililia. Moja nilimtupia mzee. Nikahesabu tena kwa vidole juu ya usukani. Nne, toa mbili, toa moja. Gari la nyuma likanipigia honi na taa imeshakuwa kijani, sijui tangu lini.

Risasi ya nne ilikuwa kwenye bomba. Ilisafiri nami Ijumaa, ikalala nyumbani kwangu, na sasa iko kitandani. Peke yake bombani hailii, nilijua hivyo. Lakini mtu akibonyeza kitufe cha ubavuni na kuvuta ule mkono, inapanda juu, na kutoka hapo ni kugusa tu. Na binti yangu ana miaka saba, na hajawahi kuona kitufe akakiacha. Jasho lilinitoka na hita ya gari sijaiwasha. Nilikuwa naomba kwa sauti, na katikati ya maombi namtukana aliyetengeneza gundi, halafu najitukana mimi. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, ndiyo, lakini hapa guu lingekuwa la mtoto wa mtu.

Pale mlangoni kwetu viatu vilikuwa vimejaa hadi nje. Sebuleni walikuwa wanaimba. Nilipita katikati yao na viatu vyangu vya theluji, mama mmoja akanisalimu sikumjibu. Kutoka chumbani nilisikia watoto wanacheka.

Walikuwa sita au saba juu ya kitanda. Niliwatoa kwa mikono, mmoja mmoja, kisha nikaanza kuyatupa makoti sakafuni. Koti, koti, skafu, koti. Nikaifikia shuka. Nikaifikia mito. Katikati ya mito palikuwa na bonde, na hapakuwa na bunduki.

Nikapiga magoti mbele ya binti yangu, nikamshika mabega. "Kulikuwa na kitu hapa. Nani amekichukua?"

Alinijibu kwa Kiingereza, kama kawaida yake, kwamba mama aliwaambia wote wasubiri ukumbini kwanza, ndipo akatoka na kitu kirefu amekifunga kwenye kitenge. Ameenda gerejini. Hajarudi.

Nilimkuta amekaa juu ya ndoo ya rangi iliyopinduliwa, hana koti. Bunduki ilikuwa juu ya meza yangu, imefunguliwa, mdomo umeelekezwa kwenye ukuta wa nje ambako hakuna mtu. Imewekwa vizuri kuliko ninavyoiweka mimi. Alifungua fundo la kitenge kiunoni, pale anapofungaga hela za sadaka, akanipa ile risasi. Ilikuwa na joto la mwili wake.

"Chini, mu bomba," akasema. "Juu hapakuwa kitu."

"Nani alikufundisha?"

Sebuleni wimbo uliisha, ukaanza mwingine.

"Bale baaskari ba mu pori. Nilikuwa na miaka kumi na tatu. Tunabafulia nguo, tunababebea bunduki. Bakirudi, siye ndiyo tunatoa risasi. Batoto. Moja ikibaki ndani..." Akaitazama bunduki mezani. "Banatuambia jicho inadanganya. Tia kidole."

Miaka kumi na moja tumeoana. Nikamwambia hakuwahi kunieleza hilo, na nilipolisema tu nikalionea aibu.

"Haukuuliza ile," akasema. "Uliniuliza kama niliogopa."

Nilivua koti langu nikamfunika, akaliacha likae. Nikamwomba msamaha. Nikamuuliza kama atakwenda kwa dada yake.

"Sijajua." Akanyoosha kidevu kuelekea mezani. "Tia kidole."

"Umeshaitoa."

"Tia."

Nikatia kidole kwenye bomba. Chuma baridi, springi, hakuna kitu. Nikamwangalia.

"Tena," akasema.

Nikatia tena. Ndani walikuwa wanatuita kwa jina la mtoto wetu, baba fulani, mama fulani, chakula kinapoa. Hakuna aliyekwenda. Nikatia mara ya tatu bila kuambiwa, na hapo ndipo alipolifunga zipu lile koti langu hadi shingoni.